Majengo mapya ya biashara yaeleza uchumi wa jana

Mfanyabiashara anayepita mjini na kuona winchi zimesimama juu ya majengo manne au matano ya ghorofa husema mara moja kwamba uchumi unakua. Maofisa wa mikopo wa benki hufikiri hivyo hivyo, na wenye majengo hupandisha kodi ya pango kwa hesabu hiyo hiyo. Lakini historia ya masoko yaliyoweka kumbukumbu za ujenzi kwa muda mrefu inaonyesha jambo jingine. Jengo la biashara linapofika ghorofa ya juu, habari linayotoa ni ya miaka miwili au mitatu iliyopita, siku mwenye fedha alipoamua kujenga.

Tofauti hiyo ya muda ndiyo inayowagharimu wengi. Mwenye duka hulipa kilemba na kodi ya mwaka mzima katika jengo jipya wakati wateja wameanza kupungua. Mwekezaji mdogo hununua hisa za kampuni ya saruji baada ya kusoma kwamba mauzo yamevunja rekodi, kumbe bei ya hisa ilikwisha kupanda zamani. Kipimo chenyewe si kibaya. Kinachotakiwa ni kujua kinapima nini, na kinachelewa kwa muda gani.

Kinachohesabiwa

Kwa lugha ya takwimu, ujenzi wa biashara wa sekta binafsi ni ule wa majengo yasiyo ya makazi yanayojengwa kwa fedha za watu na kampuni. Humo mna ofisi, maduka, hoteli, maghala, viwanda, na hospitali na shule za binafsi. Nyumba za kuishi huhesabiwa peke yake, na barabara, madaraja na majengo ya serikali huwekwa katika fungu la tatu.

Marekani ina moja ya kumbukumbu ndefu zaidi za aina hiyo, na ndiyo sababu wachunguzi wa masoko huitumia kama mfano. Kila mwezi Idara ya Sensa ya nchi hiyo hutangaza thamani ya kazi ya ujenzi iliyofanyika, siyo thamani ya mikataba iliyosainiwa. Jengo la dola milioni 60 litakalochukua miezi 30 haliingizwi lote kwa mkupuo. Huingizwa kidogo kidogo kadiri msingi, nguzo na kuta zinavyokamilika. Kwa hiyo hata pasiposainiwa mkataba mpya hata mmoja, takwimu inaweza kubaki juu kwa mwaka mzima kwa nguvu ya kazi za zamani.

Kuna mambo mengine mawili ya kuzingatia. Kwanza, taarifa inayotolewa mwanzoni mwa Mei kwa kawaida hueleza kazi ya Machi, na tarakimu hurekebishwa baadaye. Pili, hesabu hiyo ni ya dola za bei za wakati huo. Bei ya vyuma na mbao ikipanda, kama ilivyotokea mwaka 2021, jumla ya fedha hupanda bila tofali moja la ziada kujengwa.

Kwa nini yanachelewa

Safari ya jengo la ofisi ni ndefu. Huanza na wazo, likafuata kiwanja, michoro ya msanifu, kibali cha halmashauri, mkopo wa benki, zabuni ya mkandarasi, ndipo shimo la msingi lichimbwe. Kutoka wazo hadi mpangaji wa kwanza inaweza kupita miaka mitatu au zaidi. Wazo huja wakati biashara ni nzuri, ofisi zimejaa na kodi inapanda. Funguo hukabidhiwa wakati ambao hakuna aliyeujua siku ya kuamua.

Kusimama katikati nako ni vigumu. Mwenye mradi aliyekwisha kumwaga zege la ghorofa ya nane hawezi kuacha kwa sababu soko limelegea, maana jengo la nusu halina mpangaji na riba ya benki haingoji. Mara nyingi humaliza. Hivyo majengo huendelea kuingia sokoni wakati mahitaji yanashuka, na kodi huporomoka kwa pande mbili: wapangaji wachache, vyumba vingi.

Nyumba za kuishi huenda kwa mwendo mwingine. Nyumba moja hujengwa kwa miezi, na mjenzi anaweza kuacha kuanza nyingine wiki ijayo. Ndiyo maana ujenzi wa nyumba hutangulia mabadiliko ya uchumi, na ujenzi wa biashara hufuata nyuma.

Mfano ulio wazi ni wa mwaka 2006 hadi 2011. Nchini Marekani idadi ya nyumba zilizoanza kujengwa ilifikia kilele Januari 2006, kwa kiwango cha karibu milioni 2.3 kwa mwaka, kisha ikaanza kuanguka. Ujenzi wa biashara haukutetereka wakati huo. Uliendelea kupanda hadi mwaka 2008, ukapita dola bilioni 400 kwa mwaka, ingawa mdororo wa uchumi ulikwisha kuanza Desemba 2007. Benki ya Lehman Brothers ilipoanguka Septemba 2008, winchi zilikuwa bado zinazunguka.

Ndipo mambo yalipogeuka. Mdororo ulitangazwa kuwa ulimalizika Juni 2009, lakini ujenzi wa biashara uliendelea kushuka hadi mwanzoni mwa 2011, ukiwa umepoteza zaidi ya theluthi moja ya thamani yake. Aliyeutumia kama taa ya mbele alikosea mara mbili: mwaka 2007 aliambiwa hali ni shwari, na mwaka 2010 akaambiwa hali bado ni mbaya wakati masoko ya hisa yalikwisha kupanda kwa zaidi ya mwaka.

Mafunzo ya zamani

Hali hiyo haikuwa ngeni. Soko la hisa la New York lilianguka Oktoba 1929. Ujenzi wa Empire State Building ulianza Machi 1930, kwa mipango iliyofanywa siku za neema, na jengo hilo la ghorofa 102 likafunguliwa Mei 1, 1931, katikati ya mdororo mkubwa. Wapangaji walikuwa wachache kiasi kwamba wenyeji wa jiji walilipa jina la utani la jengo tupu. Ilichukua takriban miaka 20 kuanza kuleta faida.

Mchumi Simon Kuznets, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1971, alionyesha tangu mwaka 1930 kwamba uwekezaji wa muda mrefu huenda kwa mawimbi ya miaka 15 hadi 25. Homer Hoyt, aliyechunguza bei za ardhi za Chicago kwa miaka 100, alichapisha mwaka 1933 matokeo yanayofanana: bei za viwanja na ujenzi hupanda pamoja, hupita kiasi, kisha hulala kwa miaka mingi. Mzunguko wa ujenzi, kwa hiyo, ni mrefu kuliko mzunguko wa kawaida wa biashara.

Miaka ya 1980 ilileta funzo la namna nyingine. Mwaka 1981 Marekani ilipitisha sheria iliyomruhusu mwenye jengo kukata uchakavu wake katika hesabu za kodi ya mapato kwa miaka 15 tu. Ghafla jengo la ofisi lilikuwa na faida hata bila wapangaji wa kutosha, kwa sababu hasara ya kwenye karatasi ilipunguza kodi ya mapato mengine. Vyama vya akiba na mikopo, vilivyolegezewa masharti wakati huo, vilimwaga fedha humo. Mwaka 1986 sheria ikageuzwa, muda wa uchakavu ukawa miaka 31 na nusu, na nafuu kwa wawekezaji wasioshiriki katika uendeshaji ikabanwa.

Majengo yaliyokwisha kuanzwa yaliendelea. Kufikia mwaka 1991 karibu asilimia 20 ya nafasi za ofisi katika miji mikubwa ya Marekani zilikuwa tupu, na kati ya 1986 na 1995 zaidi ya vyama 1,000 vya akiba na mikopo vilifungwa. Winchi za miaka ile zilikuwa zikieleza sheria ya kodi. Hazikueleza nguvu ya biashara.

Majengo marefu kupita yote yamepata hadithi yake. Mwaka 1999 mchambuzi Andrew Lawrence alitoa kile alichokiita kipimo cha maghorofa, akidai kwamba jengo refu kuliko yote duniani hukamilika wakati uchumi unaanguka. Minara ya Petronas ya Kuala Lumpur ilikamilika mwaka 1998, Asia ikiwa katika msukosuko wa fedha ulioanza 1997. Burj Khalifa ya Dubai, iliyoanza kujengwa mwaka 2004, ilifunguliwa Januari 2010, wiki chache tu baada ya kampuni ya serikali ya Dubai World kuomba wadai wake wasubiri, Novemba 2009. Hiyo si kanuni ya kufuatwa kwa tarehe. Taipei 101 ilifunguliwa mwaka 2004 bila msukosuko wowote. Sababu yake, hata hivyo, inaeleweka: jengo kubwa kuliko yote huhitaji mkopo rahisi kuliko yote, na mkopo wa namna hiyo hupatikana mwishoni mwa neema.

Jumla huficha

Makosa mengine ya wasomaji wa takwimu ni kuchukua jumla moja na kuiamini. Baada ya mwaka 2020 wafanyakazi wengi wa Marekani walianza kufanya kazi nyumbani, na ofisi zikabaki tupu. Kampuni ya Moody's Analytics ilitangaza kwamba mwishoni mwa 2023 nafasi tupu za ofisi zilikuwa zimepita rekodi ya mwaka 1991.

Hata hivyo jumla ya ujenzi wa biashara ilikuwa ikipanda. Agosti 2022 serikali ya nchi hiyo ilipitisha sheria mbili za kusaidia viwanda vya vipuri vya kompyuta na vya nishati safi. Ujenzi wa viwanda, uliokuwa kiasi cha dola bilioni 80 kwa mwaka mwanzoni mwa 2021, ukapita dola bilioni 200 kabla ya kuanza kulegea baada ya katikati ya 2024. Ofisi zilikuwa zikilia na viwanda vikicheka, na wote wamo katika tarakimu moja. Anayeuza samani za ofisi na anayeuza mashine hawawezi kusoma jumla hiyo kwa namna moja.

Mawingu yako wapi?

Dalili ya mvua ni mawingu. Kama jengo lililokamilika ni dimbwi linalobaki baada ya mvua, mwekezaji hana budi kutazama juu zaidi, kwenye hatua za mwanzo za safari ya jengo.

Hatua ya kwanza inayopimika ni michoro. Chama cha Wasanifu Majengo cha Marekani huwauliza wanachama wake kila mwezi kama malipo ya kazi zao yameongezeka au yamepungua. Tarakimu iliyo juu ya 50 ina maana kwamba kazi inaongezeka, na iliyo chini ya 50 ina maana inapungua. Kipimo hicho hutangulia ujenzi wa biashara kwa miezi 9 hadi 12. Aprili 2020 kilianguka chini ya 30, wakati mafundi wengi walikuwa bado wanaendelea na kazi walizoanza.

Hatua ya pili ni benki. Kila robo mwaka Benki Kuu ya Marekani huwauliza maofisa wa mikopo kama wamebana au wamelegeza masharti ya kukopesha wajenzi wa majengo ya biashara. Masharti yanapobanwa leo, mashimo ya misingi huwa machache mwakani.

Saruji ya Nairobi

Afrika Mashariki haina mfululizo mrefu kama huo, lakini ina kipimo ambacho kila mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi anakifahamu, nacho ni saruji. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ya Kenya hutangaza matumizi ya saruji pamoja na thamani ya michoro ya majengo iliyoidhinishwa jijini Nairobi. Vibali hutangulia, saruji hufuata ujenzi unapoanza.

Matumizi ya saruji nchini Kenya yalipanda kutoka chini ya tani milioni 3 mwaka 2009 hadi tani milioni 6.3 mwaka 2016. Mwaka 2017 yakashuka hadi tani milioni 5.8. Sababu zilikuwa zaidi ya moja. Sheria ya kuweka kikomo cha riba ilianza Septemba 2016, na benki zikapunguza mikopo kwa sekta binafsi. Uchaguzi wa 2017 ulirudiwa, na wenye fedha wakangoja. Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, iliyokuwa ikila saruji nyingi, ilifunguliwa mwishoni mwa Mei mwaka huo huo.

Reli hiyo inaonyesha udhaifu wa saruji kama kipimo. Mfuko wa saruji hausemi umekwenda kwenye duka la mtu binafsi, nyumba ya kuishi au daraja la serikali. Kazi kubwa ya umma inaweza kuficha ukweli kwamba wafanyabiashara wamekwisha kuacha kujenga.

Wakati huo huo maduka makubwa ya kisasa yalikuwa yakifunguliwa Nairobi kwa kufuatana: Garden City mwaka 2015, The Hub mwaka 2016, Two Rivers Februari 2017. Mipango yake ilifanywa wakati maduka ya aina hiyo yalikuwa machache na wapangaji wakigombea nafasi. Mwaka 2017 Nakumatt, mpangaji mkubwa wa majengo mengi ya namna hiyo nchini, ilianza kufunga matawi kwa kulemewa na madeni. Wenye majengo walibaki wakitafuta mpangaji mkuu mpya, na wenye maduka madogo waliolipia nafasi kando yake wakakosa wateja waliokuwa wakivutwa na duka kubwa.

Kwa upande wa hisa, funzo ni kali zaidi. Kampuni ya ARM Cement, iliyouzwa katika Soko la Hisa la Nairobi, ilijipanua miaka ambayo saruji ilikuwa ikipanda, ikajenga kiwanda Tanga kwa fedha za mkopo. Mwaka 2015 kiwanda cha Dangote cha Mtwara, chenye uwezo wa tani milioni 3 kwa mwaka, kiliingia sokoni na bei ya saruji Tanzania ikashuka. Agosti 2018 ARM iliwekwa chini ya wasimamizi na biashara ya hisa zake ikasimamishwa. Mahitaji ya saruji yalikuwa yamezidi maradufu, lakini viwanda navyo ni majengo ya biashara, na navyo hukamilika kwa kuchelewa, vyote kwa pamoja.

Dar es Salaam

Tanzania ina historia ya namna yake. Sheria ya Aprili 1971 ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi sh. 100,000, na kwa miaka mingi baada ya hapo watu binafsi hawakuwa na sababu ya kujenga majengo makubwa ya biashara. Mfululizo wa ujenzi wa binafsi, kwa hiyo, huanza kuwa na maana baada ya mageuzi ya uchumi ya mwaka 1986 na sheria ya mabenki ya 1991. Kariakoo ilibadilika katika miaka iliyofuata, nyumba za chini zikawapisha wajenzi wa ghorofa zenye fremu za maduka chini na juu.

Katikati ya jiji, minara mingi ya ofisi ilijengwa na mifuko ya hifadhi ya jamii. Fedha hizo ni michango ya wafanyakazi inayotafuta pa kukaa, na huingia katika ujenzi hata kama wapangaji hawajaonekana. Julai 2016 serikali ilitangaza kuhamia Dodoma. Wizara zilipoanza kuondoka, minara iliyopangwa miaka ya nyuma ilikuwa ndiyo kwanza inafungua milango, na kodi za ofisi zikashuka. Aliyehesabu ghorofa aliona jiji linalokua. Aliyehesabu taa zinazowaka usiku aliona jambo jingine.

Maswali ya kuuliza

Kwa mfanyabiashara na mwekezaji mdogo, historia hii inaacha maswali manne ya kuuliza kabla ya kutoa fedha.

Kwanza, fedha za jengo ni za nani? Mjenzi anayetumia faida ya biashara yake anaeleza hali ya biashara. Anayetumia nafuu ya kodi, mkopo wa bei rahisi au michango ya wanachama anaeleza jambo jingine.

Pili, vibali na mikopo vinaelekea wapi? Vibali vikishuka kwa miezi kadhaa wakati saruji bado inapanda, kazi iliyobaki ni ya zamani na mauzo ya nondo na mabati yatafuata kushuka. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi apunguze mzigo ghalani mapema.

Tatu, ni majengo mangapi ya aina hiyo hiyo yatakabidhiwa ndani ya miezi 18 ijayo katika mtaa huo huo? Kabla ya kulipa kilemba, mpangaji azunguke kwa miguu na kuhesabu. Palipo na majengo matano yanayokaribia kwisha, kodi ya mwaka mmoja ina usalama zaidi kuliko mkataba wa miaka mitano, na mwenye jengo atakubali kupunguza.

Nne, kwa hisa za saruji, uwezo wa viwanda vyote unazidi mahitaji kwa kiasi gani, na kampuni ina deni kiasi gani? Kampuni yenye deni dogo inaweza kungoja soko lirudi.

Mwisho, kuchelewa kwa kipimo hiki kuna upande wa faida. Mwaka 2010 aliyetazama winchi tu nchini Marekani aliona zimesimama na kukata tamaa. Aliyekuwa na fedha mkononi alikuta majengo mazuri yenye kodi nafuu na wenye majengo walio tayari kusikiliza. Miaka michache baadaye nafasi hizo zilikuwa zimejaa, na wajenzi walikuwa wakirudi kwa wasanifu kuagiza michoro mipya.